Barua ya wazi: dawa ya usingizi ikae karibu na tanzi

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya wanyamapori, mifugo na tawala za mikoa ya Tanga na Pwani

YAH: DAKTARI WA WANYAMAPORI KATI YA MTO WAMI NA MTO PANGANI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni daktari wa mifugo, mkazi wa Pangani. Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeitumia kutibu ng'ombe, mbuzi na mbwa wa vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na sehemu iliyobaki, kwa kualikwa na wenye mamlaka, nimeitumia kuhudumia wanyama ambao hawana mwenyewe wa kuwatafutia tiba. Naandika kwa uwazi, badala ya kuipitisha barua hii masjala, kwa sababu jambo ninaloliomba linagusa ofisi zaidi ya moja, na kila ofisi ukiiandikia peke yake hukujibu kwa adabu kwamba sehemu ngumu iko kwa jirani.

Ombi langu ni kwamba kati ya Wami na Pangani awekwe daktari mmoja wa wanyamapori, mwenye gari, mwenye kabati la chuma lenye dawa ya usingizi pamoja na dawa ya kuzindua, na mwenye ruhusa iliyoandikwa mapema ya kumlaza mnyama aliyejeruhiwa na binadamu bila kusubiri barua nyingine. Jengo jipya si lazima. Chumba kimoja chenye mlango imara, umeme wa kuaminika na jokofu la chanjo kinatosha kuanzia.

Saadani ilipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Eneo lake, zaidi ya kilomita za mraba 1,000, limekaa katika mikoa miwili, na mipaka yake ni bahari upande mmoja na watu pande zilizobaki: mkonge, miwa, mashamba ya chumvi, minanasi, na malisho ya wafugaji ambao idadi yao imekuwa ikiongezeka. Mnyama anayetoka asubuhi kwenye nyika ya Mkwaja anaweza kuwa shambani kwa mtu kabla ya adhuhuri. Huko ndiko yaliko matanzi. Waya wa kutegea hautoki mbali: wengine huufumua kwenye matairi chakavu, wengine huchukua nyaya za pikipiki zilizokatika, na tanzi lililotegwa kwa ajili ya swala au ngiri halichagui nani aingize mguu. Swala hufa palepale. Mnyama mkubwa huung'oa waya na kuondoka nao, na kuanzia siku hiyo kila hatua anayopiga huukaza, mpaka nyama inavimba juu yake na ngozi inaufunika, ukabaki mwisho mmoja tu uliochomoza kuonyesha kilichomo ndani.

Naomba nieleze kumtibu mnyama wa namna hiyo maana yake nini, kwa kuwa nimewahi kukaa katika vikao ambamo kazi hii ilizungumzwa kana kwamba ni suala la kulenga shabaha tu. Nitachukua mfano wa twiga, mgonjwa mgumu kuliko wote ninaowafahamu.

Twiga ana shinikizo la damu linalokaribia mara mbili ya la binadamu, kwa sababu damu lazima ipande shingo yote ile hadi kichwani. Dawa inayotumika kumlaza, etofini, ni ya jamii ya afyuni, na nguvu yake ni zaidi ya mara elfu moja ya ile ya mofini. Mshale ukishampata, hapatwi na usingizi papo hapo. Hunyanyua miguu juu juu kama mtu anayevuka mifereji gizani, huinua kichwa, na huanza kwenda bila kujali kilicho mbele yake, kiwe mti, korongo au maji. Vijana wenye kamba hulazimika kumtangulia, kuipitisha kamba mbele ya kifua na miguu yake, na kumwangusha mahali ambapo sisi tumepachagua, si yeye. Akishafika chini, dawa ya kuzindua humwingia mshipani papo hapo, kabla hata ya mtu kuliangalia jeraha, kwa sababu etofini humkata pumzi, na twiga mwenye koo refu namna ile hana pumzi ya kupoteza. Kwa hiyo muda wote wa matibabu mgonjwa yuko macho. Kinachomweka chini ni watu waliolalia shingo yake, kwa kuwa twiga hawezi kuinuka bila kuitupa shingo kwanza. Macho hufungwa kitambaa, masikio huzibwa pamba, na kichwa hushikwa kikiwa juu kuliko tumbo ili asicheue na kupaliwa.

Hivyo ndivyo tulivyomtibu twiga jike mmoja upande wa Mkwaja, asubuhi, kabla upepo wa bahari haujaanza kuvuruga mishale. Waya ulikuwa umezama kwenye mguu wa mbele, juu kidogo ya kwato. Harufu tuliisikia kabla ya kuuona. Mkasi wa kukatia vyuma haukupata pa kuingia, ikabidi niupasue uvimbe kwanza, usaha utoke na funza watoke, ndipo kidole kikaupata ule waya ukiwa umegusa mfupa. Nilipoutoa niliuweka kwenye nyasi, na kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa miongoni mwa waliolalia shingo, akauangalia bila kuachia mzigo wake, akasema huo si waya wa breki kama tulivyodhani, ni wa klachi. Alijua kwa unene wake. Tuliosha jeraha, tukampiga sindano ya antibayotiki ile inayokaa mwilini kwa siku kadhaa, kwa kuwa mgonjwa wa porini haambiwi arudi kesho, tukapulizia dawa ya kufukuza nzi, kisha waliokuwa shingoni wakaondoka kwa mpigo mmoja. Aliinuka kwa jaribio la pili, akachechemea hadi kwenye migunga, akaanza kula.

Twiga yule alipona kwa bahati. Wiki ile kulikuwa na timu ya wataalamu hifadhini kwa kazi nyingine kabisa, ya kuwavisha tembo kola za kufuatilia mienendo yao, na dawa ilikuwa ndani ya gari lao. Kutoka taarifa ya askari hadi mshale kulipita muda mfupi kuliko unaotumika kuvuka Mto Pangani kwa pantoni siku ya gulio.

Mara nyingine hatukuwa na bahati hiyo. Tembo dume kijana alionekana karibu na Wami akiburuta waya mguuni, Ijumaa, na askari waliomwona walifanya kila walichopaswa kufanya: walipiga picha, walichukua alama za mahali, walitoa taarifa. Kisha taarifa ikaanza safari yake. Mwenye dawa hakuwa mwenye gari, mwenye gari hakuwa mwenye kibali, na mwenye kibali alitaka kwanza aone barua ya mwenye dawa. Sitaitaja ofisi yoyote, na kwa kweli sidhani kwamba kulikuwa na mtu aliyezembea. Kila mmoja alilinda sehemu yake kama anavyotakiwa na taratibu. Tulipoitwa, mvua ilikuwa imeshanyesha kwenye ule udongo mweusi wa Saadani ambao gari likizama hutolewa na trekta, na tembo alikuwa ameshaingia kwenye matope ya mikoko, mahali ambapo hata angekuwa na nguvu zake zote nisingethubutu kumpiga mshale. Tembo akilala kifudifudi, uzito wake mwenyewe humbana mapafu, hivyo ni lazima alazwe ubavu. Na kwa kuwa hupumulia mkonga, ncha ya mkonga huwekewa kijiti ili tundu zake zisizibe. Ndani ya matope hakuna hata moja kati ya hayo linalowezekana, na maji yakijaa huzama akiwa usingizini. Tulimwangalia kwa darubini mpaka jioni. Tulichoondoka nacho baada ya siku chache kilikuwa pembe mbili, zilizokabidhiwa serikalini kwa maandishi, na kipande cha waya.

Waheshimiwa, najua kwa nini taratibu hizo zipo, na sitaki nieleweke kwamba nadai etofini igawiwe kama dawa ya minyoo. Tone moja likiingia kwenye mchubuko au kwenye jicho la mwenye kulishika linaweza kumuua kabla hajafikishwa hospitali. Hakuna daktari mwenye akili timamu anayejaza mshale akiwa peke yake. Mwenzake husimama kando, amevaa glavu, akiwa na dawa ya kumwokoa binadamu, naloksoni, imeshavutwa kwenye bomba la sindano kabla chupa ya dawa ya mnyama haijafunguliwa. Ni haki kabisa kwamba chupa hizo zihesabiwe, zifungiwe kwa kufuli mbili na zitiwe saini na watu wawili. Ninachouliza ni kwa nini kabati hilo haliwezi kuwa hapa, likakaguliwa hapa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inatutaka sote tusajiliwe na Baraza la Veterinari, na aliyesajiliwa anajulikana jina lake, namba yake na mahali anapolala. Akikosea, yupo wa kushtakiwa.

Ipo hoja nyingine ambayo huletwa na watu ninaowaheshimu, kwamba porini asili iachwe ifanye kazi yake. Nakubaliana nayo kuliko wanavyodhani. Simba aliyepigwa pembe na nyati simgusi, wala ndama wa pofu (yule swala mkubwa) aliyezaliwa mnyonge, wala dume lililoshindwa vita vya majike. Tukianza kuwatibu hao tutakuwa tunafuga. Lakini waya wa klachi haukuota Saadani. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyama hawa ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Mali ya umma iliyoharibiwa na mtu haiachwi kwa hoja kwamba tusubiri asili. Ndiyo maana nimeomba ruhusa ya mapema kwa mnyama aliyejeruhiwa na binadamu tu, yaani waya, risasi, mkuki, sumu au gari, na mengine yabaki chini ya utaratibu uliopo.

Wapo pia wanaosema fedha ziende kwenye doria za kung'oa matanzi. Ziende. Doria ndiyo inayowaona majeruhi kwanza, na askari anayejua kwamba simu yake itajibiwa na daktari aliye karibu ana sababu zaidi ya kuipiga.

Sasa niseme jambo ambalo watu wa wanyamapori hulisikia mara chache kutoka kwa watu wa mifugo. Siku ambazo hakuna mnyama mwenye tanzi, na siku hizo ndizo nyingi, daktari huyu hatakaa bure, maana nusu ya afya ya wanyamapori wa Saadani iko vijijini. Mwaka 1994 virusi vya distempa viliingia kwa simba wa Serengeti na kuua takriban theluthi moja yao, karibu simba 1,000. Ugonjwa huo ni wa mbwa, na mbwa wa vijiji ndio walionyooshewa kidole. Kichaa cha mbwa nacho husafiri kwa njia hiyohiyo, na kwa binadamu hakina tiba dalili zikishaanza. Ili kukata mnyororo wake inapasa asilimia 70 ya mbwa wa eneo wachanjwe. Katika vijiji vyangu kazi hiyo hufanywa kwa mafungu, kwa mhemko wa maadhimisho ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani kila Septemba, kisha chanjo ikiisha inakuwa ndiyo imetoka hiyo mpaka mwakani. Daktari mwenye jokofu na gari, aliye Mkwaja au Saadani mwaka mzima, angechanja mbwa Jumatatu na kuitikia wito wa mnyama aliyejeruhiwa Jumanne.

Nao mkoa wa Tanga si mgeni katika kuunganisha mambo haya mawili. Mbung'o dume waliohasiwa kwa mionzi na kuachiwa kutoka angani juu ya Unguja miaka ya tisini walikuzwa Tanga mjini, katika taasisi yetu ya utafiti wa mbung'o na ndorobo, na mwaka 1997 Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena. Huku bara mbung'o bado wapo, na anayelaza gari karibu na vichaka vya Mkwaja atawakuta ndani asubuhi. Ng'ombe wa ranchi ya zamani ya Mkwaja, ambayo eneo lake sasa ni sehemu ya hifadhi, walisumbuliwa sana na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o. Vimelea vya nagana hukaa ndani ya nyati na ngiri bila kuwadhuru, kisha huwaangusha ng'ombe wa mfugaji aliyehamia jana. Upande wa pili wa Usambara, Mkomazi, kuna faru weusi wanaolindwa ndani ya uzio na mbwa mwitu waliozalishwa kwa uangalizi na kuchanjwa kabla ya kuachiwa. Ujuzi huo wote uko jirani. Haujafika pwani, basi.

Kuna suala la kitoweo pia, na hili naomba mlipe uzito, hasa ninyi wa tawala za mikoa. Nyati akikutwa amekufa nje ya hifadhi, watu hawaulizi alikufaje. Kama amekufa kwa kimeta, na dalili mojawapo ni damu isiyoganda inayotoka puani na kwenye haja kubwa, basi kisu cha kwanza kinachompasua ndicho kinachoufungulia ugonjwa mlango. Kama amekufa baada ya kupigwa mshale wa dawa, nyama ile ni sumu kwa mlaji na kwa tai vilevile. Mtendaji wa kijiji hana namna ya kutofautisha, na hapaswi kuachiwa mzigo huo. Mizoga inayotiliwa shaka inatakiwa iangaliwe na daktari siku hiyohiyo, damu ichukuliwe kwenye kioo cha kupimia bila kupasua tumbo, mzoga uchomwe au ufukiwe kwa kina. Nimewahi kufika mahali nikakuta kwato na mifupa tu, na watu wakinitazama kama mtu aliyechelewa kwenye shughuli.

Kisha inakuja barabara. Mradi wa lami kutoka Tanga kupitia Pangani na Saadani hadi Makurunge na Bagamoyo tumeuomba kwa miaka mingi, na mimi ni mmoja wa watakaoufurahia, maana nimeshazama vya kutosha. Lakini barabara hiyo inakatiza hifadhini. Mikumi, ambako barabara kuu ya kwenda Iringa inapita ndani ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, ni mfano ulio wazi: pamoja na matuta, mabango na faini za madereva, wanyama hugongwa, na si wote wanaokufa papo hapo. Pofu aliyevunjika mgongo saa mbili usiku hahitaji kibali kinachofika keshokutwa. Anahitaji mtu mwenye mamlaka ya kummaliza kwa haraka na bila mateso, kisha kuondoa mzoga barabarani kabla fisi na simba nao hawajaufuata na kugongwa. Usanifu wa matuta na mabango sijauona ukikosekana kwenye mipango ya barabara, daktari sijamwona.

Naomba basi wizara inayohusika na wanyamapori na ile inayohusika na mifugo zikae meza moja na mikoa hii miwili, zikubaliane nani anamlipa daktari huyu, nani anamkagua na nani anamiliki gari. Mimi sina upendeleo wa kofia atakayovaa. Naomba ruhusa yake iandikwe kwa maneno machache yanayotaja sababu za kumgusa mnyama, na taarifa yake ipelekwe ndani ya saa 24 baada ya kazi, si kabla yake. Naomba hospitali za Pangani na Bagamoyo zijulishwe rasmi kuhusu dawa hiyo na ziwe na naloksoni muda wote, kwa kuwa anayeweza kuletwa pale akiwa hapumui ni askari au kijana wa kamba. Na vijana hao wa kamba, wanaokodishwa leo kwa posho ya siku na kusahauliwa kesho, wafundishwe na wakatiwe bima. Anayeishika shingo ya twiga hana ngao nyingine.

Vyuo tunavyo. Chuo Kikuu cha Sokoine pale Morogoro hutoa madaktari wa wanyama kila mwaka, na si wachache kati yao wanaotamani kazi hii na kuishia kuuza dawa za kuku mijini, kazi ya heshima lakini si waliyoisomea peke yake. Mmoja wao akipangiwa huku, nami nikiwa bado nina miguu ya kutembea, nitamwonyesha njia za vijiji vya Gongo na Matipwili, wapi mto unavukika na wapi mnyama akikimbilia usimfuate.

Masika ya pwani huanza Machi. Mvua zikishaanza, nusu ya njia za hifadhi hazipitiki hadi Juni, na lolote litakaloamuliwa baada ya hapo litakuwa la mwaka unaofuata. Kwa hiyo wakati mazungumzo ya gari na mshahara yakiendelea, naomba nijibiwe swali hili mapema: askari wa doria akimwona kesho asubuhi mnyama mwenye waya shingoni pale Matipwili, ampigie simu nani, na huyo atakayeipokea ana ruhusa ya kufanya nini kabla ya jua kuzama?

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Daktari wa mifugo,
Pangani, Tanga